Gari Lililosemekana Limekufa

Mume wangu alipofariki aliniachia gari dogo la kijivu. Alikuwa amenifundisha kuendesha mwenyewe, kwenye uwanja wa mpira baada ya kanisa, watu wakija kutucheka. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, nami nilikuwa mkunga upande wa Kenya wa Busia.

Gari likazeeka. Lilitoa moshi wa buluu, na kila kilima nilisimama niongeze maji kwenye rediata. Fundi wa sokoni alilisikiliza, akasema injini ifunguliwe, ringi za pistoni zibadilishwe, litatembea tena. Nilitaka kulitengeneza. Lakini nilikuwa nimefunzwa kwamba mjane hakati shauri peke yake, kwa hiyo nikamwita shemeji yangu, mdogo wa marehemu, aliyekuwa akinunua pamba Tororo, upande wa Uganda.

"Shemeji, wacha mimi nakwenda nayo Tororo," akasema. "Kule iko fundi mkubwa. Yeye atasema kama tunatengeneza ama tunatafuta ingine."

Nikampa funguo. Alirudi kwa basi, kofia mkononi, uso kama wa mtu aliyetoka kuzika. Injini imepasuka ndani, alisema. Kulitengeneza ni kutupa pesa. Afadhali liuzwe vipande vipande kama spea, kisha yeye mwenyewe anitafutie gari jingine lisilo na taabu. Nililia kana kwamba mume wangu amekufa mara ya pili. Akanishika bega.

"Pole, shemeji. Chuma ni chuma tu."

Baadaye aliniletea noti chache. Gari jingine sikuliona. Nikanunua baiskeli, nikazoea kuwafuata wajawazito kwa kukanyaga, mkoba umefungwa nyuma.

Msimu wa pamba uliofuata nilialikwa Tororo, harusi ya binti wa ukoo wa mume wangu. Bibi harusi aliletwa kanisani kwa gari jeupe lililofungwa maua. Mlango wa nyuma ulipofunguliwa nikaona kitini doa la kuungua. Gari lilikuwa limepakwa rangi mpya, lakini doa lile nililijua. Mume wangu alilitia kwa sigara siku ile ile tuliyolileta gari nyumbani, akaomboleza wiki nzima.

Dereva alikuwa shemeji. Kando yake ameketi mama mkwe wangu, ambaye wakati wa matanga tulilala naye mkeka mmoja, tukifutana machozi. Tukatazamana. Kisha akageuza uso, akautazama mwamba wa Tororo kama mtu asiyewahi kuuona.

Sikupiga kelele, harusi haikuwa yangu. Nilingoja mpaka bibi harusi ameshushwa kwenye karamu, nikafungua mlango wa nyuma, nikaketi.

"Nipelekeni nyumbani."

"Shemeji, mimi nilitaka kukueleza..."

"Endesha."

Akaendesha. Vilimani injini haikukohoa hata mara moja. Nilisikiliza kila mlio wake, nikajikuta nafurahi kwamba inakwenda vizuri, na furaha hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Tulipofika kwangu, mama mkwe alisema bila kugeuka, "Wewe bado kijana, mwanangu. Ungeolewa kwingine, na gari la mtoto wangu lingekwenda nawe. Tuliogopa."

"Ungeniambia hivyo, mama, ningelia, lakini ningeelewa. Mmeniambia limekufa."

Nikashuka, wakageuza, wakarudi karamuni.

Baba yangu alitaka twende kwa chifu. Nilikataa; sikuweza kusimama mbele ya watu nikisema ni akina nani walionidanganya. Wala sikuolewa tena. Mama mkwe aliendelea kuja kunitembelea, akiniletea kuku na ufuta, nami nilimpikia chai. Akiniuliza habari za nyumbani, nilimjibu "nzuri" tu, kama ninavyowajibu wageni.