Pikapu Yangu na Uzito wa Yule Mzee

Wanaotaka kucheka wacheke kabisa sasa, wamalize, ndipo nianze. Haya sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, tena ni mimi niliyeshika usukani. Mume wangu, Baba Zuhura, alikaa pembeni yangu. Yu hai mpaka leo, ingawa ukimuuliza habari hii atakuambia anawahi shamba.

Ilikuwa enzi za ruksa, magari ya mitumba ya Kijapani yalipoanza kumiminika nchini. Nilikuwa nauza nyanya na vitunguu. Udereva niliupata kambini, nilipokwenda kujenga taifa, kwa hiyo niliponunua pikapu sikutafuta dereva. Mtaa wetu wa Magomeni, pale Kilosa, ulikuwa haujaona mwanamke akiendesha gari lake mwenyewe. Niamini, nilipita sokoni hata siku ambazo sikuwa na shida yoyote ya sokoni.

Tatizo likawa bodi, kule nyuma kunakopakiwa mzigo. Matenga ya nyanya yana vijiti vyenye ncha, na nyanya ikipasuka maji yake yanakula bati. Rangi ilishaanza kukwaruzika, nikataka kutandika kitu. Hapo kila mtu akawa mtaalamu. Baba Zuhura alifanya kazi reli ujana wake wote, naye alitaka mbao.

"Mabehewa yanatandikwa mbao, Mama Zuhura. Umewahi kusikia behewa limelalamika?"

Nikamwambia mbao zikilowa masika zinashika maji, na bati linaoza chini kwa chini. Fundi wa bodi mtaani akashauri achomelee bati nene juu ya bati. Nikamuuliza, na hilo la juu nalo nilitandike nini?

Tukaenda Mikumi, kwenye maduka ya spea ya barabara kuu ambako malori ya Iringa husimama. Kwa Mangi mmoja nikakuta vitu viwili. Kimoja kilikuwa mpira mzito uliokatwa kwenye mkanda wa kiwandani, umechakaa, unanuka grisi. Cha pili kilikuwa plastiki nyeusi, imefinyangwa kama sinia kubwa lenye kuta, inaingia bodini kama mguu kwenye kiatu chake. Inang'aa!

"Mpira ndio wa kazi, mama," Mangi alisema. "Plastiki ni ya kupendeza."

"Hata mimi napendeza," nikamjibu. Wakaifunga plastiki palepale.

Tukageuza kurudi Kilosa kwa ile njia ya vumbi. Alasiri, jua bado kali upande wa kushoto. Tulipoacha nyumba za mwisho, mahali ambapo nyasi za mbuga zinakaribia barabara, mzee mmoja akapunga mkono. Mwembamba, shuka la kijivu begani, ngozi ya mikono imejikunja kama gome. Nikasimama.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nakwenda kumwona dada yangu, huko mbele, kabla hamjafika Kilosa. Amelala, hainuki tena. Kwa miguu sifiki. Nikipita mashambani watu wananipigia madebe."

Nilidhani ana matatizo ya akili, maskini, na watoto wanamzomea. Nikamwambia apande nyuma. Nikasikia kitu kinapasuka, kwaa! Kabla sijageuka, gari likaketi. Sijui nikuelezeje. Springi zililia, pua ya gari ikatazama juu, na usukani ukawa mwepesi mikononi kama wa gari la kuchezea. Nikatazama kwenye kioo. Ni yeye tu, mzee mwembamba, amesimama ameshika kingo za bodi.

"Tumepata pancha?" akauliza Baba Zuhura.

Nikatia gia ya kwanza. Gari likavuta. Nikatia ya pili, likagoma, nikarudi ya kwanza. Tukawa tunakwenda mwendo wa harusi. Mimi nimebeba magunia ya mahindi na pikapu ile mpaka ikagusa chini, naujua mzigo wake. Huo haukuwa uzito wa mtu.

Ndipo nikatazama kulia, kwenye nyasi, ambako jua lilikuwa linalaza kivuli chetu. Kivuli cha gari nilikiona. Juu yake kulikuwa na kivuli kingine, kikubwa kama nyumba. Kilikuwa na masikio, na masikio yalikuwa yanapepea polepole.

Nikarudi kwenye kioo. Mzee mwembamba. Nikatazama nyasi. Wewe ungefanya nini?

Baba Zuhura naye alishaona. Alianza kusoma dua, akachanganya mwanzo na mwisho. "Mteremshe," akaninong'oneza. "Mama Zuhura, nakuomba, mteremshe."

"Abiria wangu simwachi porini."

"Huyo pori ni kwake!"

Mbele yetu kukatokea daraja la magogo juu ya kijito. Daraja lile lilikuwa linatikisika hata kwa baiskeli. Nikasimama, nikazima gari, nikashuka. Nikaenda nyuma, nikainamisha macho kama mbele ya baba mkwe.

"Shikamoo tena, mzee wangu. Daraja hili ni dogo. Nakuomba uteremke upite chini, kwenye maji. Mimi nitavuka nikusubiri ng'ambo."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa madogo, yana kope ndefu sana, na chini ya kila jicho kulikuwa na mchirizi wa unyevu.

"Utanisubiri?"

"Nitakusubiri."

Akateremka. Gari likaruka juu kama jogoo aliyefunguliwa kamba. Nikavuka. Ng'ambo, Baba Zuhura akanishika mkono uliokuwa kwenye gia.

"Sasa. Kanyaga mafuta. Sasa hivi, mke wangu."

Nyuma yetu majani ya kijitoni yalikuwa yanalala huku na huku, na maji yanasukumwa na kitu ambacho sikukiona. Gari lilikuwa linaunguruma, jepesi, barabara nyeupe mbele. Nikatoa funguo, nikazishika mkononi.

"Nimesema nitamsubiri," nikamwambia. "Hili ni gari langu, na neno ni langu."

Akafumba macho. Gari likaketi tena.

Mzee alipogonga bodi nimshushe, tulikuwa karibu na mikuyu, mahali ambapo njia ya zamani ya wanyama ilikuwa imezibwa na mashamba mapya na mazizi ya ng'ombe. Akaja dirishani mwangu, suruali ya Baba Zuhura ikiwa imeshalowa, Mungu amsamehe kwa kuwa nimesema.

"Wengi nimewapungia mkono," akasema mzee. "Waliosimama ni wachache. Aliyesubiri ni wewe. Binti yangu, gari lako lina moyo."

Gari langu! Nilisikia fahari mpaka hofu ikakosa pa kukaa. Nikamwambia, "Ahsante, mzee. Mpe pole dada." Akaingia kwenye mikuyu.

Kesho yake nilirudi na majirani, maana nilijua sitaaminiwa. Kwenye mikuyu tukakuta mifupa ya tembo jike, ya siku nyingi, imefunikwa kwa matawi mabichi yaliyovunjwa usiku ule. Nyayo zilikuwepo, pana kama sinia. Zilianzia barabarani, pale pikapu iliposimama. Nyuma ya hapo hapakuwa na unyayo hata mmoja. Mmoja wa majirani, mfugaji aliyehamia kutoka kanda ya ziwa, alivua kofia. Wiki hiyo alisogeza zizi lake bila kuambiwa na mtu.

Plastiki yangu ilikuwa vipande vipande. Chini yake bati lilibonyea duara nne. Nilirudi Mikumi kuchukua mpira, na Mangi hakucheka nilipomwambia sababu. Akasema tu, "Huu utahimili." Umehimili mpaka leo. Fundi alitaka kugonga zile duara zinyooke. Nikamkataza. Mwanamke gani mwingine Kilosa ana gari lililombeba tembo na klachi isiungue?

Na shamba la ndugu yangu pale karibu na mikuyu halijakanyagwa na tembo tena, wakati majirani bado wanapiga madebe kuwafukuza kila mavuno.

Basi wewe unayepita njia ile ya Mikumi, nisikilize. Ukimwona mzee mwembamba kando ya nyasi, una hiari ya kupita zako, hatakufuata. Lakini ukimpakia, mwamkie, usimwulize ana kilo ngapi, na ukimwambia utamsubiri, zima gari utoe funguo. Yuko mwanamume mmoja, dereva wa lori, aliyemwacha mtoni baada ya kuahidi. Lori lake lilikutwa limelala kiubavu katikati ya barabara tambarare, na yeye mpaka leo hapandi chochote chenye magurudumu.