Dawa ya Paka-Mwitu wa Mlimani

"Jana ulisema jani hili ni la kikohozi, bibi!" mjukuu alifoka.

"Hiyo ni kwa paka-mwitu wa ukoo wa kinamasi, mke mwenzangu. Wale wa mlimani hujipaka gotini, ndiyo maana wanaruka majabali." Bibi alifumba jicho moja, kama kawaida yake akitunga, huku vidole vyake vya kijani vikilikuna goti lake lililovimba kama boga. Koo zote mbili alizizua mwenyewe, na asubuhi, mtu mzima na mvi zake, akajidanganya, akadanganyika, akajipaka jani hilo, na sasa goti lilimwasha.

"Mama alisema ukijitibu tena kwa majani yako, hadithi basi!"

"Nifunike shuka, upesi! Akiuliza, mwambie paka wa..."

Mlango ulishafunguliwa. Mama mtu, na sare yake ya uuguzi, alikuwa akilitazama goti.