Kanga Usoni, Binti Yangu Kwenye Kioo

Tulikuwa watatu sebuleni. Mimi, jirani yangu mjane mwenye nyumba ya wageni hapo chini yetu, na kitinda mimba wangu, mwalimu wa sekondari kule Mgwashi. Majina yao ninayo, hata la mbuzi aliyekuwa analia nje ninalo, ila siyaandiki.

Tuliyekuwa tunamtafuta ni binti yangu wa kwanza, amelazwa Dar es Salaam. Walimpasua koo wakamwekea mrija, basi hasemi. Kumpigia simu kungesaidia nini? Nami nilikuwa nimevunjika nyonga, siwezi kupanda gari la kwenda huko. Kumwona kulibaki kwa kompyuta tu.

Kompyuta yenyewe kuukuu. Serikali ilipofungulia biashara ya nje tulianza na nguo za mitumba, baadaye hata kompyuta zikaja za mitumba, na kitinda mimba akajinunulia hiyo Tanga. Ilikuwa inaendeshwa na programu iitwayo Linux; programu nyingine, alisema, ni mzigo mzito kwa mzee yule. Mtandao tuliupata hewani kutoka kwa jirani. Lakini haukai. Unashika, hujahesabu kumi, umekatika.

"Kompyuta yako ina degedege," jirani akasema. "Ifukize."

"Mama mdogo, niache. Ni draiva."

Akanieleza kwamba ndani kuna kadi ya kunasa mtandao, na draiva ni programu inayoiongoza kadi hiyo. Iliyokuwemo haikupatana nayo. Iliyo sahihi iko kwenye mtandao huohuo usiokaa. Nikamwambia, kumbe dawa iko ng'ambo na daraja limesombwa.

Akashuka mjini Lushoto, kwenye duka la intaneti, akarudi na draiva ndani ya flashi. Akaiweka, akazima, akawasha. Ikashika muda wa kunywa kikombe cha chai, ikakatika. Akaandika, akasoma, akaandika tena, mpaka akagundua kwamba kompyuta inailaza kadi ili kubana umeme, na kadi ikilala haiamki. Akaikataza kulala. Alasiri ilipoadhiniwa mtandao ulikuwa bado umeshika.

"Mama, sogea! Inaita!"

Kioo kikafunguka, na aliyetokea ni mkwe wangu, mume wa binti yangu. Yeye ndiye aliyeshika simu huko wodini. Sasa huku kwetu mama mkwe hatazamani na mkwe wake. Miaka yote ya ndoa ile nikimwona njiani nampisha, naye huniamkia amegeukia shambani. Sikufikiri. Nilivuta kanga nikajifunika uso, nikaegemea ukutani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mgonjwa yuko wapi?"

"Mama, hiyo ni picha tu!" kitinda mimba akanikemea. "Funua uso!"

"Picha nayo ina macho."

"Tazameni biarusi," jirani akacheka. "Anangoja afunuliwe!"

Nikamsikia mkwe akisema anamgeuzia mgonjwa simu. Nikaanza kufunua. Nyonga ikanibana nilipojisogeza, mkono mmoja ukutani, mwingine kwenye kanga. Nilipofikisha macho, kioo kilikuwa cheusi. Mtandao umekatika.

Kitinda mimba alihangaika na draiva ile mpaka magharibi. Haikushika. Tukasema, basi, kesho. Asubuhi simu ikapigwa, na safari hii mkwe hakuniamkia. Alilia tu, nami nikajua.

Kitinda mimba hajanilaumu hata siku moja. Heri angenilaumu.

Jirani anasema nilipokuwa ndani ya kanga binti yangu alionekana, akainua mkono kidogo, kama mtu anayeita. Kitinda mimba anasema hapana, picha ndiyo iliyokuwa inatetemeka. Mimi nawaza alinitafuta. Labda nimechanganya, uzee huu. Wewe unayesoma, kama ulikuwa kwenye wodi ile alasiri ile, na nimekosea, nisahihishe. Hata kama mkono haukuinuka, niambie.