Mbwa wa Amana

Aliya binti Nasiri hakuwahi kumpenda mbwa, wala hakuwahi kulificha hilo. Alizaliwa Rumonge, kando ya ziwa kwa Warundi, katika mtaa wa Waislamu, na kwao mbwa alijulikana kwa sauti tu: anabweka kwa jirani, na abaki huko huko kwa jirani. Mate yake ni najisi. Yakikugusa nguo, haisaliwi mpaka ioshwe mara saba, moja kwa udongo, na Aliya alikuwa mtu wa kusali kwa wakati, si wa kurundika sala zote jioni kama wavivu fulani tunaowajua.

Basi ilikuwaje mwanamke huyo akafuga mbwa? Hakufuga. Aliachiwa. Na hapo ndipo penye uchungu wote, maana kitu cha kuachiwa si chako, na kikiharibikia mikononi mwako huna pa kuupeleka mzigo.

Mwenye mbwa alikuwa Kabibi, jirani yake. Ua wa matete tu ndio uliowatenga. Kabibi alikuwa Mkristo, mzaliwa wa Baraka ng'ambo ya ziwa, mwanamke wa kununua ndagala, dagaa wa ziwani, kule Magara na kuzianika uani kwake. Anayeanika ndagala ana maadui wengi: mwewe juu, nguchiro chini, paka wa mtaa mzima katikati. Ndiyo maana alikuwa na mbwa, dume jekundu lenye sikio moja lililochanika, na akamwita Watasema, jina la kuwakomoa wasengenyaji. Wakongomani wanapenda kuwapa mbwa wao majina ya namna hiyo, ujumbe ufike bila ugomvi.

Asubuhi moja Kabibi alikuja na furushi kichwani na mbwa nyuma yake.

"Amahoro, dada Aliya."

"Amahoro, mdogo wangu. Mbona na mzigo?"

"Mama iko mubaya kule Baraka. Minavuka leo. Siko na mutu wa kumuachia huyu."

Aliya alimtazama mbwa. Mbwa naye alikuwa akiutazama mkeka wake wa kusalia, uliokuwa unaota jua juu ya ua.

"Miye na mbwa, Kabibi?"

"Utamutupia chakula tu. Hautamugusa."

Aliya angekataa kwa mtu mwingine yeyote. Lakini alipofiwa na mumewe na kukaa eda, ni huyu Kabibi aliyempikia na kumletea maji mpaka mlangoni, siku nenda siku rudi, na hakuwahi kumkumbusha. Amana ya mtu wa namna hiyo haikataliwi. Akasema sawa.

Kabibi alipofika kwenye njia aligeuka.

"Kintu kimoja, dada. Huyu iko na kichwa nguvu. Akiona nyama ya porini, atasimama nayo mpaka mwisho. Ukisikia analia vile halii siku zote, umuite. Atakuja. Usimuache peke yake na kintu yenye anabwekea."

"Nimesikia."

Alisikia kweli. Hatutamsingizia.

Sasa, kazi ya Aliya ilikuwa mafuta ya mawese. Nyuma ya nyumba, kwenye michikichi aliyoachiwa na mumewe, alikuwa na chungu kikubwa, mashine ya kukamua ya kuzungusha kwa mikono, na Anselmo, mwanamume wa mlimani mwenye mabega mapana aliyeizungusha. Vichala vya ngazi, matunda ya mchikichi, vikishuka mtini havipikwi siku hiyo hiyo. Vinarundikwa, vinafunikwa kwa makuti na magunia makuukuu, vinaachwa vijilegeze mpaka punje zianguke zenyewe. Ndani ya rundo kunakuwa na joto tamu. Panya wanalipenda joto hilo na ngazi zake, na anayependa panya anawafuata. Kila mkamuaji wa Rumonge anajua jambo hili, na kila mkamuaji husema: kwangu bado.

Watasema aliwagundua panya mapema. Akaanza kulifukua rundo, akatupa makuti huku na vichala kule, punje zikaingia matopeni. Aliya alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akamwambia Anselmo amfunge.

"Wapi, mama?"

Hapo alifikiri kidogo. Karibu na mlango, hapana, pana mkeka. Karibu na kamba ya nguo, hapana, kanzu za wajukuu. Ubavuni mwa nyumba ndipo anapotawadhia. Pakabaki mchikichi mmoja chini kabisa, hatua chache tu kutoka kwenye rundo lenyewe: kamba fupi isiyofika kwenye vichala, kivuli kizuri, na mbali na kila kitu chake kisafi. Aliya alipapima kwa sala yake. Hakupapima kwa mbwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali, baada ya adhuhuri. Mafuta yalikuwa yamepanda juu ya chungu, mekundu, yanasubiri kuenguliwa. Mbwa akaanza kubweka.

"Nyamaza wewe!" akafoka. "Panya wamekukosea nini?"

Akabweka tena. Kisha sauti ikabadilika. Ikashuka, ikawa nzito, ikawa inakatika na kurudi, na Aliya aliisikia ikibadilika. Hilo ndilo linalomla mpaka leo. Angekuwa hakuisikia, angelala. Aliisikia, na maneno ya Kabibi yakamjia kama yalivyosemwa, na akajibu moyoni: ngoja nimalize kuengua. Mafuta yakichemka kupita kiasi yanaharibika, kila mtu anajua. Na hata angemwita, angekujaje? Alikuwa kafungwa.

Kijiko kilikuwa bado mkononi aliposikia mbwa akilia kama mtoto aliyeungua.

Swila alikuwa amesimama pembeni ya rundo, mweusi, shingo imetanuka. Warundi wanamwita inshira, na hawamtaji mara mbili. Watasema alikuwa amerudi nyuma mpaka kamba ikamkaba, anapangusa uso kwenye udongo, anainuka, anaanguka. Anselmo alirusha bua la kuti. Nyoka akajishusha taratibu na kupotelea majanini.

"Amemuuma?" Aliya aliuliza.

"Hapana, mama. Amemutemea. Mu macho."

"Mafuta! Lete bido!"

"Ego, mama, mafuta!"

Msiwacheke. Pwani ile mtoto akinywa mafuta ya taa, anapewa mawese. Ukiungua, mawese. Ukila kitu usichokiamini kwa mtu usiyemwamini, mawese haraka, kikombe kizima. Na kila mwamba ngoma, ngozi huivuta kwake: Aliya aliyeishi kwa mafuta, akasomesha kwa mafuta, akawakanda watoto wake wote kwa mafuta, angeamini nini kingine? Tena hakubania. Alifungua bido, dumu la mafuta bora kuliko yote, yaliyopoa tangu jana, aliyokuwa amemwekea mteja wake wa Bujumbura.

Lakini mbwa alikuwa anatoa mate. Povu lilikuwa limemjaa mdomoni, linaruka kila akitikisa kichwa. Aliya akakunja kanga yake, akasimama mbali kadiri mkono ulivyofika, na huku Anselmo amembana mbwa kwa kamba na goti, akammiminia mafuta machoni kwa kijiko kirefu. Akasema Bismillahi. Akamimina tena. Jioni akamimina mara nyingine, na kesho yake, na kesho kutwa, kila mara kutoka mbali, kila mara kwa nia njema.

Ziwa lilikuwa pale pale. Miaka ya karibuni lilikuwa limejaa hata likaimeza mistari ya chini ya michikichi yake, na asubuhi nyingine maji yaligonga karibu na jiko. Hakuwaza hata tone.

Daktari wa mifugo alichelewa kuitwa, maana Aliya aliona haya. Mwanamke wa Kiislamu kumwita veterineri kwa ajili ya mbwa! Alimngoja mpaka alipopita mtaani na pikipiki yake kutazama mbuzi wa watu, ndipo akamwita kama kwa bahati tu. Macho yalikuwa yameshakuwa meupe kama maziwa yaliyoganda.

Yule bwana alichuchumaa, akamshika mbwa taya kwa mikono mitupu, akafungua kope.

"Mulimutia nini?"

"Mafuta."

 Akafuta vidole kwenye majani.

"Maji, mama. Ni maji tu yalitakiwa. Maji mingi, saa ile ile, mpaka muchoke. Mafuta haiondoshi sumu. Inaifunika."

"Na sasa?"

"Sasa iko kipofu. Umuzoeshe tu."

Alipoondoka, Aliya alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akalia. Hakulia kidogo. Anselmo alijifanya anasafisha mashine. Majuto ni mjukuu, wanasema, huja mwisho, lakini wa Aliya alipokuja hakuja kusalimia, alikuja kukaa.

Kilichofuata kilikuwa kichekesho kwa asiyejua. Alifyeka majani ya kiwanja kizima mpaka ziwani. Rundo la vichala alilihamishia juu ya mbao, mbali na kila mti, chini pakaonekana mwanga. Makapi ya ngazi yaliyokuwa yamelala miezi aliyachoma. Kuku wawili aliwaachia wazunguke, maana kuku wakiona nyoka hupiga kelele. Kamba aliitupa jikoni ikaungua. Tahadhari zote ambazo mbwa mwenye macho angezihitaji, alizipata mbwa asiye na macho.

Na alimgusa. Ilitokea bila kupanga: Watasema alikuwa anaelekea jikoni kwenye moto, moja kwa moja, kwa ujasiri wake ule ule, na Aliya akamrukia akamkumbatia shingo kwa mikono miwili. Mdomo wenye maji ukamlowesha kanga mpaka kiwiko.  Kisha akaenda akaosha, mara saba, moja kwa udongo, akasali, na tangu siku hiyo akatenga kitenge kimoja kikuukuu cha kazi ya mbwa. Ilikuwa rahisi hivyo. Kitenge kimoja na ndoo ya maji, basi, na angeweza kuwa nacho tangu siku ya kwanza.

Mbwa alijifunza kiwanja kwa sauti yake. Aliya, aliyejulikana mtaani kwa ukimya, sasa alikuwa anasema mchana kutwa: "Niko huku, njoo. Hapo pana mashine. Zunguka. Ndiyo, mwanangu, pita." Shemeji yake Abdoulkarim alipita akamsikia, akatikisa kichwa, akaenda zake. Na mbwa alimwamini. Hilo nalo lilimuuma kuliko kung'atwa. Mkono uliompofusha ndio aliokuwa akiunusa kila asubuhi kwa furaha, mkia unapiga chini.

Kabibi alirudi amevaa nguo nyeusi, amenyoa kichwa. Mama yake alikuwa amekufa. Aliya alimkumbatia, akampa pole, wakalia pamoja, na katikati ya machozi hayo alijua kwamba neno dogo tu lingemwokoa. Swila alimtemea. Mipango ya Mungu. Nani angeuliza zaidi? Anselmo hakuwa mtu wa maneno. Kabibi mwenyewe, na msiba wake, asingekuwa na nguvu ya kudadisi.

Mbwa alisikia sauti ya Kabibi akaja mbio, akampita, akagonga ukuta, akarudi kwa pua. Kabibi alimshika kichwa. Akayaona macho.

Aliya akamwambia. Alianza na kamba, akaenda kwenye ile sauti aliyoisikia akaendelea kuengua, akamaliza na mafuta. Hakuacha kitu.

"Weye mwenyewe ulimutia mafuta?"

"Miye mwenyewe."

"Na maji iko pale."

"Na maji yako pale."

Kabibi alimkuna mbwa lile sikio lililochanika. Aliposema, hakupandisha sauti.

"Niko na ndugu wa kanisa mu hii mutaa, dada. Wanapenda umbwa, wanalala nayo mpaka ndani ya nyumba. Sikuwaachia. Nilikuja kwako juu nilijua weye unaogopa Mungu."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Aliya alifungua mdomo aombe radhi, akaiomba, na Kabibi akaitikia kwa kichwa, kwa namna ya mtu anayepokea kitu huku mikono yake imejaa. Kisha akachukua furushi lake.

"Watasema, njo. Twende ku nyumba."

Mbwa alimfuata hatua tatu nne, akasimama katikati ya kiwanja. Aligeuza masikio nyuma, kwa Aliya. Alikuwa anangoja aambiwe njia.

"Njo, baba. Njo," Kabibi aliita kutoka kwenye mlango wa ua.

Mbwa hakusogea. Aliya aliiona njia yote kwa niaba yake: mashine kushoto, chungu kulia, kisha nguzo ya ua mahali pale pabaya. Maneno yalikuwa yamemfika kwenye ulimi. Lakini akisema neno moja tu, hata neno la kumwambia nenda, mbwa angemjia yeye, na mbwa alikuwa wa Kabibi. Akaziba mdomo kwa kiganja.

Watasema alingoja sana. Mwishowe akainamisha pua akaifuata sauti ya Kabibi, taratibu, akaipita mashine, akaupita moto, akaigonga nguzo kwa paji la uso. Akasimama akageuza tena masikio nyuma. Aliya hakusema kitu.