Upinde wa LaRue na Uzi wa Verl Tolman

Zamani, mtu wa bonde la Lemhi aliyetaka upinde wake upige sawasawa milimani aliubeba mwenyewe mpaka kwenye uzi wa Verl Tolman. Siku hizi anautia kwenye boksi, anaupeleka posta, na unamrudia na karatasi inayomwambia kwamba uko sawa.

Verl alikuwa fundi wa milango. Hakufundishwa na mtu. Mlango aliouweka yeye ukiuacha nusu wazi ulibaki nusu wazi, haukujifunga wala kujifungua, na nyumba nyingi za bonde lile bado zinayo milango yake, ingawa waliohamia humo hawajui ni ya nani.

Pinde za kapi zilipoingia, zenye magurudumu ncha zote mbili na kilengeo cha pini, na chini ya pini kichupa kidogo cha pima maji chenye kiputo cha hewa ndani, wanaume walizipenda mno. Walipiga vizuri kwenye uwanja tambarare nyuma ya kanisa. Mwezi wa tisa wakapanda milimani kutafuta elki, wale kulungu wakubwa, wakakosa. Walilaumu upepo, wakalaumu mishale, na mmoja alimlaumu mke wake. Verl alikaa jikoni na upinde wake majira mazima ya baridi mpaka akaona kuwa ule nao ni mlango. Kilengeo kinashika ubavuni mwa upinde kama mlango kwenye bawaba. Kikiwa kimejifungua kidogo tu, kwenye tambarare huwezi kujua. Lakini uelekeze upinde chini bondeni au juu kileleni, na kiputo kinaanza kusema uongo. Mpigaji anakitii, anaulaza upinde akidhani anaunyoosha, na mshale unakwenda pembeni.

Basi alisimamisha miti mitatu ya msonobari kwenye mteremko juu ya nyumba yake, akaning'iniza uzi wa timazi, na ile risasi ya timazi akaitumbukiza kwenye ndoo ya maji ili upepo usiichezee. Unashika upinde sambamba na uzi, unauinua kuelekea kilele, unauinamisha kuelekea kijito, na mara zote kiputo kinatakiwa kubaki katikati. Kisipobaki, Verl alilegeza skrubu, akakisogeza kilengeo upana wa unywele, akakaza. Watu walingoja zamu wakila mikate ya Nedra, mkewe, wakitaniana juu ya elki waliowakosa. Hakuna upinde ulioshuka kilima kile ukiwa bado unadanganya. Verl alilijua hilo, na alitembea kama mtu anayelijua.

Nedra alifariki. Vijana wakagundua posta. Waliobaki kupanda kilima walikuwa wachache, na kati yao walikuwapo dada wawili wa Oberg, LaRue na mdogo wake Junell, wafuga ng'ombe wa juu ya kijito. Hawakuolewa, hawakuajiri mtu, na kila Septemba walipanda farasi wakaenda kuwinda pamoja.

Mwaka huo, Agosti ikielekea kwisha, pikapu yao ilisimama mbele ya karakana ya Verl. LaRue aliingia, mkono wa kushoto ukiwa na glavu, na kuulaza upinde wake juu ya meza.

"Ndugu Tolman, mpe mtu mwingine huu. Mimi nimemaliza."

"Umemaliza nini?"

"Kuwinda."

Junell alikuwa ameegemea mlango. "Amekosa robota la majani, Ndugu Tolman. Halikuwa hata linakimbia."

"Nyamaza, Junell."

"Si nasema tu. Lilikaa pale linamtazama."

LaRue hakucheka. "Nikiwa uwanjani napiga ninapotaka. Nikisimama juu ya korongo na kupiga chini, mshale unakwenda kushoto kama mkono mzima. Nikimpiga elki hivyo nitampata tumboni, aende akafie mbali kwa maumivu. Miaka yote sijafanya hivyo. Sitaanza sasa."

"Na wewe utakwenda?" Verl alimwuliza Junell.

"Na nani? Na farasi?" alisema, na safari hii hakukuwa na mzaha sautini.

Verl aliubana upinde kwenye jiliwa, akaulinganisha na uzi mwingine uliokuwa unaning'inia darini. Aliuinua, aliuinamisha. Kiputo hakikutikisika.

"Uko sawa kabisa," alisema, na hakuweza kuficha furaha yake.

"Nilijua," alisema LaRue. "Kazi yako haina kosa. Kosa ni mimi. Nimezeeka, basi."

Verl angeweza kuishia hapo. Kazi yake ilikuwa imesimama, na hakuna mtu bondeni ambaye angeiona vingine. Lakini neno lile nimezeeka lilimchoma, kwa sababu LaRue alikuwa mdogo kwake kwa miaka mingi, na kwa sababu alikwisha kumwona akibeba ndama mabegani kwenye theluji.

"Hebu twende kwenye uzi wa nje," alisema. "Na uvue hiyo glavu."

"Glavu inakuhusu nini?"

"Mwezi wa nane huu, LaRue. Nani anavaa glavu?"

LaRue alivua glavu, akaitia mfukoni, mkono wa kushoto akauficha nyuma ya paja.

Huko juu Verl alimsimamisha mbele ya uzi, upinde ukiwa haujavutwa. Ulikuwa umenyooka na uzi kama vitu viwili vilivyozaliwa pamoja.

"Tia mshale. Lenga robota kule chini, uvute taratibu, usiachie."

LaRue alivuta. Na upote, ile kamba ya upinde, ulipofika shavuni, upinde ulizunguka mkononi mwake. Ulizunguka kidogo tu, kama mlango unaosukumwa na pumzi ya mtu aliye chumba cha pili, lakini Verl alikuwa ametumia maisha yake kutazama kitu hichohicho.

"Rudisha. Hilo gumba limefanya nini?"

"Halijafanya kitu."

"Likunje tulione."

Halikukunjika. Junell alisogea akaushika mkono wa dada yake, akautazama kwa muda.

"Hili lilivunjika," alisema. "Lini?"

"Mwezi wa sita. Yule farasi mchanga alivuta kamba."

"Mwezi wa sita ulisema ni nyigu."

"Palikuwa na nyigu pia."

"Na mimi nikakupaka magadi. Miezi miwili nakuangalia unanyanyua marobota kwa kiwiko, nadhani umepata maringo."

"Ningekuambia ungeniacha nyumbani."

"Ningekuacha, ndiyo. Ungepona kwa wakati, pumbavu wewe."

Verl aliwaacha wamalizane. Alikuwa na shida yake. Gumba lile halingerudi lilivyokuwa, maana mfupa ulikwisha kushika vibaya. LaRue alikuwa amesogeza pini mwenyewe ili apige sawa uwanjani, na ndiyo maana tambarare hapakuwa na dalili. Dawa ilikuwa moja: kukipinda kilengeo kinyume na kuzunguka kwa mkono, ili upinde uwe sawa ukiwa umevutwa na LaRue, na yeye peke yake. Kwenye jiliwa ungeonekana umepinda. Fundi yeyote atakayeushika angecheka na kuuliza ni nani aliyeuharibu, na jibu lingekuwa Verl Tolman.

Alitoa spana yake ndogo mfukoni.

"Vuta tena," alisema. "Acha nitazame, kisha rudisha. Sigusi kitu ukiwa umevuta."

Ilikuwa kazi ndefu. LaRue alivuta, Verl alitazama kiputo na uzi, LaRue alirudisha, Verl alisogeza. Juu kileleni, chini korongoni. LaRue alianza kuchoka, na Junell akamletea maji bila kuambiwa, ingawa alimpa kikombe kwa hasira. Mwishowe kiputo kilikaa katikati, juu na chini, na hakikutoka.

"Sasa piga."

Aliachia mshale chini ya korongo. Ukaingia katikati ya robota. Akapiga wa pili, ukakaa kando ya wa kwanza. Akageuka, akapiga juu kwenye kisiki kilichooza, ukazama ndani.

"Robota limekufa," alisema Junell. "Nani atalichuna?"

LaRue alisimama akitazama chini, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyerudishiwa shamba lake. Verl alisema tu kwamba asimwazime mtu upinde ule.

Wakapanda mlimani Septemba. Siku waliyorudi Verl alikuwa kwenye lango lake, akaona farasi wakishuka barabarani, wa mizigo wakiwa wamelemewa na nyama iliyofungwa kwenye mifuko myeupe, pembe kubwa zikiwa juu. Kulikuwa na joto, na nyama haingoji, kwa hiyo hawakusimama. LaRue alivua kofia.

"Ulipiga kupanda au kushuka?" Verl aliuliza.

"Kushuka, Ndugu Tolman. Chini kabisa. Nyuma ya bega, hakwenda popote."

"Dada alisali kwanza," alisema Junell. "Mimi ndiye niliyebeba nyama."

Verl alisimama wima, akawatazama mpaka farasi wa mwisho alipopotea nyuma ya mierebi. Majira ya baridi binti yake alikuja kumchukua, akampeleka kuishi naye mjini Boise, na hakuwaona tena wale dada wawili.