Thamani ya Shamba la Marehemu Baba

Baba alipofariki, shamba letu la Magarini lilikuwa bado kwa jina lake. Mama hakuona tatizo, kwani kila jirani alijua ni letu. Lakini mdogo wa baba akaanza kusema huenda naye ana sehemu yake humo, na chifu akatushauri tutafute wakili, mirathi ipitie kortini. Mimi ndimi niliyekuwa mkubwa, tena nilikuwa nimeajiriwa karibuni kufundisha shule ya msingi, kwa hiyo nikafuatana na mama hadi Malindi.

Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Wakili alikuwa mtu wa bara, kijana kuliko nilivyotarajia. Alimwamkia mama shikamoo, akamsogezea kiti, akamwomba amweleze habari za shamba.

Tangu matanga yaishe mama alikuwa hamtaji baba kabisa. Siku ile alimtaja. Alieleza baba alivyoufyeka msitu kwa panga moja, alivyopanda minazi safu kwa safu, mikorosho upande wa barabarani, na alivyochimba kisima mpaka akapata maji matamu ilhali wenzake walipata ya chumvi. Wakili aliandika yote bila kumkatiza. Kila alipogeuza karatasi, mama alikaa wima zaidi. Nami nilifurahi. Nilidhani tunafarijiwa.

Kisha wakili akaweka kalamu chini. Akasema kuna ada ya korti, kuna ya kutangaza katika gazeti la serikali, na kuna yake mwenyewe, ambayo hufuata thamani ya mali. Alipoitaja ile yake, niliona ni kama mshahara wangu wa miezi minne.

Mama akauliza kwa upole: kama shamba lingekuwa dogo na lisilo na kitu, karatasi za kuandikwa zingepungua? Wakili akasema la, kazi ingekuwa ile ile.

"Sasa mbona bei haiwi ile ile?"

Akaeleza kwamba ndivyo sheria ilivyoweka. Mali ikiwa kubwa, dhamana ya wakili nayo ni kubwa. Mama alinigeukia nimfafanulie. Mimi ndimi mwalimu. Nikainamia mkoba wangu, nikajifanya natafuta kitambaa.

Tulipolipa kiasi cha kwanza tulipewa risiti ya Kiingereza. Nikamsomea pale ngazini: ada ya maagizo. Mama akasimama.

"Nani aliyemwagiza mwenziwe?" akauliza.

Niliikunja risiti, nikaitia mkobani.

Nyumbani nilifikiria sana, nikaona njia. Mikorosho ilikuwa na ukungu, mwaka wa pili sasa haizai sawasawa. Minazi mingine ilikuwa mikongwe. Nilimwambia mama turudi tuyaeleze hayo, thamani ishuke, na ada ishuke nayo. Haukuwa uongo. Mama alisikiliza, akasema sawa.

Juma lililofuata tukarudi. Wakili hakukasirika, alisema kama kuna la kurekebisha atalirekebisha, akachukua kalamu. Mama akaanza na mikorosho, vizuri tu. Alipofika kwenye minazi akaishika leso yake. Akawa anaikunja na kuikunjua pembe yake.

"Andika kama nilivyosema mara ya kwanza," akasema hatimaye. "Sitamsema vibaya."

Wakili akamwambia taratibu, "Mama, tunazungumzia shamba, si marehemu."

"Najua," mama akajibu, na hakubadilisha neno.

Nilikasirika, ila sikujua namkasirikia nani. Halafu wakili, bila kuombwa, akasema tunaweza kulipa kidogo kidogo. Hapo nikazidi kuchanganyikiwa. Kama bei ni ya sheria, ruhusa ya kutungoja aliitoa wapi? Na mbona yale mazungumzo marefu hayakutozwa hata senti, ilhali barua ya nusu ukurasa aliyomwandikia ami ilitozwa peke yake? Jirani yetu mwenye shamba kubwa kuliko letu alikwenda kwa wakili mwingine, wakapatana bei moja, ikaisha. Nilipomuuliza wakili wetu, alisema kila faili lina mambo yake. Nikamshukuru, nikashuka ngazi nikiwa vile vile.

Tulilipa kwa nazi na kwa mshahara wangu. Ami alipoipata ile barua alinyamaza, akawa anakuja kutusalimu kama zamani. Karatasi za korti zilitoka baada ya mwaka na zaidi.

Siku ya kuzichukua, mama alitia kidole gumba mahali alipoonyeshwa, akauliza leo tunadaiwa nini. Wakili akasema hakuna. Mama akauliza tena, hata ya wino? Wakili akacheka, akasema hata ya wino. Akatupa mkono wa kwaheri, akarudi kwenye mafaili yake. Sisi tukabaki vitini tukitazamana, kwa kuwa hakuna kati yetu aliyejua kama kweli mambo yamekwisha.