Funguo Mbili za Shina

Mfamasia hakumpenda shemeji yake, shemeji naye hakumpenda, na jambo hilo halikuwa siri kwa yeyote aliyewahi kula nao meza moja. Mfamasia alikaa kwenye dirisha la dawa la zahanati ya watoto. Shemeji, kaka mkubwa wa mumewe, alikuwa mtengeneza programu. Kila mtu alimwita Injinia, hata mama yake mzazi, na jina lilikuwa limempanda kichwani. Kilichowafunga pamoja mahasimu hawa ni programu ya kupima dozi za watoto: unaingiza uzito wa mtoto, inakupa mililita za dawa. Waliijenga kwa miaka sita, bure, wazi kabisa mtandaoni, yeyote aichukue na yeyote alete maboresho yake.

Kuleta si kuingiza, lakini. Palikuwa na nakala kuu waliyoiita shina. Mwenye wazo jipya alilifanyia kazi pembeni, kwenye tawi lake, kisha akaomba liunganishwe na shina. Wenye funguo za kuunganisha walikuwa wawili tu, Mfamasia na Injinia, na sheria waliyoitunga wenyewe ilikataza mtu kuunganisha kazi yake kabla mwingine hajaisoma na kuipitisha. Kila Ijumaa saa sita mchana, kompyuta za zahanati arobaini na kitu, nyingi ambazo Mfamasia hakujua hata zilipo, zilivuta zenyewe chochote kilichokuwa kwenye shina.

Jumanne, wakati wa mapumziko, Mfamasia alifungua kompyuta kwenye benchi nyuma ya stoo ya dawa na kukuta kazi mpya ya Injinia imeshaunganishwa. Mistari elfu nne. Aliyeipitisha ni mtu asiyejulikana, aliyejisajili siku ileile na kuisoma yote kwa dakika tatu. Dakika tatu! Hata karatasi ya maelezo ndani ya boksi la dawa huimalizi kwa dakika tatu. Injinia alikuwa amejifungulia akaunti ya pili na kujipitisha mwenyewe, akidhani wenzake wote wamevaa miwani ya mbao.

Akaisoma mstari kwa mstari, hasira ikimpanda, mpaka akafika mahali pa uzito wa mtoto. Ili ukurasa uonekane nadhifu, Injinia alikuwa ameondoa desimali kwenye uzito, nusu kilo ikihesabiwa kilo nzima. Mtoto wa kilo mbili na nusu sasa alihesabiwa kuwa na kilo tatu. Kwa mtu mzima nusu kilo si kitu. Kwa kichanga ni dawa iliyozidi kwa moja ya tano, na zipo dawa kwenye orodha ya programu ile ambazo hazitaki mchezo huo.

Alilirudisha shina lilivyokuwa, kisha akapiga simu.

"Shemeji, umeondoa desimali. Utaua watoto wa watu."

"Wewe kazi yako ni kugawa dawa, shemeji. Programu niachie mimi."

"Na huyo aliyekupitisha ni nani? Mlete nimwone sura."

"Umeanza. Kila ninachogusa lazima ukitie kasoro."

"Kasoro umeitia mwenyewe!"

Injinia akakata simu. Haikupita saa moja, kazi yake ilikuwa imerudi kwenye shina na ufunguo wa Mfamasia umefutwa. Mradi ulifunguliwa kwa akaunti ya Injinia tangu mwanzo; Mfamasia alikuwa amelisahau hilo, mwenzake hakulisahau. Miaka sita, na sasa hakuwa na tofauti na mpita njia.

Mganga mkuu wa zahanati yake alimwelewa mara moja, wakaacha kuitumia programu siku hiyohiyo. Hizo nyingine angezipata wapi? Aliandika onyo kwenye ukurasa wa mradi. Injinia alilifuta na kuweka maneno yake: "Ni ugomvi wa kifamilia, mtuwie radhi." Mfamasia akatuma marekebisho, mistari mitatu tu, kama mgeni yeyote. Yalikataliwa bila kusomwa. Mumewe alimwambia amwache, ni kaka yake. Mama mkwe alipiga simu Alhamisi.

"Mwanangu, kwa nini unamwonea mwenzio wivu? Wiki ijayo anakwenda kuionyesha programu yake kwa wakubwa."

"Mama, si wivu."

"Basi ni nini?"

Alimweleza habari za desimali. Mama mkwe akasema yeye hesabu hazijui, ila mwanawe anamjua.

Mfamasia naye alimjua. Shina huweka kumbukumbu ya kila badiliko na jina la aliyeliandika, na kumbukumbu hiyo haifutiki. Injinia hangekubali dunia isome milele kwamba alisahihishwa na mgawa dawa, mke wa mdogo wake. Huo ndio ugonjwa, na tiba yake ilikuwa chungu kama shubiri.

Ijumaa asubuhi aliichukua mistari yake mitatu, mahali pa jina la mwandishi akaandika la Injinia, na anwani yake ya barua pepe, akamtumia yeye peke yake. "Kosa umeliona wewe na umelirekebisha wewe. Mimi sitasema kitu. Iingize kabla ya saa sita." Wagonjwa walipanga foleni dirishani, naye akiwahudumia jicho moja liko kwenye simu. Saa sita kasoro dakika kumi, mistari ikaingia.

Jumapili walikula kwa mama mkwe, na wageni walikuwepo.

"Injinia wangu amegundua kosa ambalo hata watu wa dawa hawakuliona," mama mkwe aliwaambia. "Jina lake limesomwa dunia nzima!"

"Kazi tu, mama," alisema Injinia, macho kwenye sahani.

Mfamasia alitamani kummwagia Injinia jagi la maji usoni. Akainuka kupeleka vyombo jikoni. Injinia alimfuata, akasimama mlangoni.

"Ufunguo wako nitakurudishia, shemeji."

"Kaa nao. Kusoma hakutaki ufunguo." Alifungua bomba. "Nitasoma kila mstari utakaouandika mpaka uzeeke, na nitakuchukia huku nasoma."